Mjadala: Mwenye kibali cha bastola aivae wazi kiunoni au aifiche?

Kitasa:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Siku hizi ukikaa sehemu za nyama choma, Sinza, Mikocheni hadi Tegeta, hukosi kumwona mtu kachomekea tisheti upande mmoja makusudi ili mpini wa bastola uonekane. Wengine wanaichomoa kabisa na kuilaza mezani pembeni ya sahani, mdomo unaangalia meza ya jirani. Mhudumu anakuja na jagi la kunawisha, anainama pale pale, maji yanadondokea juu ya chuma, na hakuna anayefungua kinywa.

Swali langu: mtu kafuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kaanzia serikali ya mtaa, kapita kwenye kamati ya ulinzi na usalama, kapewa kibali. Akiivaa kwenye holsta (ala ya bastola ya kiunoni), wazi, hana pombe kichwani, kosa lake nini? Mimi naona huyu ni afadhali kuliko aliyeificha. Huyu nimemwona, nitachagua pa kukaa. Wa kunyang'anywa ni hawa matajiri wapya wanaoilaza mezani.

Nyangumi:
Afadhali wapi? Kibali unapewa ujilinde wewe na mali zako, hupewi ili oda yako itangulie jikoni. Na tusiogope kusema, nusu ya hao wa mezani wametoka Kahama. Anauza mzigo mmoja wa dhahabu, wiki inayofuata yuko Dar na Land Cruiser, mguu wa kuku (bastola hiyo) na manukato ya kuoga.

Afande Mstaafu:
Naongea kama mtu niliyeibeba kazini miaka mingi. Silaha inayoonekana inamtisha mwoga, lakini mhalifu inamwelekeza aanzie kwa nani. Agosti 2021 pale Selander, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aitwaye Hamza alikuja na bastola akawapiga askari waliokuwa na bunduki wazi mikononi, watu wa sare na mafunzo, kisha akazichukua bunduki zao akaendelea nazo. Wakafa askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi. Sasa wewe uliyeonyeshwa namna ya kukoki ukapewa na soda, umeupa mlango kisogo, mpini uko nje, unadhani mwenye nia mbaya ataanza na nani?

Mwenye akili anaificha. Tena anaivaa kwenye holsta ngumu inayofunika triga yote, siyo kuichomeka kwenye mkanda wa suruali kama peni. Wakati wa uhakiki wa silaha mwaka 2016 nilishuhudia bastola zinaletwa zimejaa nyuzi za mfukoni, risasi zimeota kijani. Mtu hajaifungua kuisafisha tangu ainunue, lakini kila wikiendi inatembea naye.

Mchenjuaji:
Nyangumi, Kahama imekukosea nini? Umewahi kutoka Kakola jioni na hela ya wachimbaji ndani ya gari, umezima taa ukisikia pikipiki nyuma? Wewe safari yako ndefu ni Kimara hadi Posta, tena kwa mwendokasi. Sisi bastola hatukuinunua kwa mapambo.

Nyangumi:
Masoko ya madini yapo tangu 2019, Geita wakaanza, mengine yakafuata. Mzigo unapimwa, kodi inakatwa, hela inaingia benki. Haya niambie, bastola ya njia ya Kakola inafanya nini Sinza saa sita usiku? Sinza kuna mwamba? Halafu huyo Hamza aliyetajwa na Afande naye si alikuwa mtu wa dhahabu?

Mchenjuaji:
CHUNYA! Magazeti yote yaliandika Chunya. Chunya iko mkoa wa Mbeya, bwana mkubwa. Kutoka Chunya hadi Kahama unalala njiani. Kwako wewe kila penye shimo ni Kanda ya Ziwa?

Kamaa:
Majirani, hebu niwaongezee ya huku kwetu Kenya. Magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 21 Septemba 2013. Saa za kwanza, kabla serikali haijajipanga, walioingia kutoa watu mle ndani ni raia wenye leseni na bastola zao, pamoja na maafisa wachache waliokuwa kwa nguo za kawaida. Mimi nawaheshimu hadi kesho. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, watu hao hawakuwa wa kutembea Nairobi na bunduki nje ya shati. Jirani yako anaweza kuwa nayo miaka kumi na usijue. Pili, baadaye wanajeshi na kikosi maalumu cha polisi, Recce, walirushiana risasi wenyewe kwa wenyewe mle ndani kwa kutojuana, na afisa wa Recce akafa. Hao walikuwa na sare! Sasa raia kumi wa jinsi na tisheti, kila mmoja kachomoa ya kwake, polisi anayeingia atamjua gaidi ni yupi?

Ya kilabu nayo tunayajua. Januari 2020 Kilimani, DJ alipigwa risasi ya shingo, mbunge akapelekwa kortini, mwisho akaachiliwa. Na hapo ni baada ya serikali kuamuru Desemba 2018 wenye leseni wote wapigwe msasa upya.

Mtu wa Houston:
Huku Texas hayo tulishayamaliza zamani. Tangu 1871 sheria ilikataza mtu kutembea na bastola. Oktoba 1991 mji wa Killeen, mtu akaingia mgahawa wa Luby's akaua watu 23. Mama mmoja, Suzanna Hupp, bastola yake aliiacha kwenye gari kwa kuitii sheria hiyo, na wazazi wake wakauawa mle ndani naye akiwepo. Alizunguka kutoa ushahidi mpaka 1995 ikapita sheria ya kubeba kwa kificho kwa leseni, naye baadaye akaingia bungeni. 1 Januari 2016 mwenye leseni akaruhusiwa kuivaa wazi. 1 Septemba 2021 hata leseni ikaacha kuwa lazima, mradi una miaka 21 na huna zuio la kisheria.

Ila kuna utaratibu. Ikiwa wazi lazima iwe kwenye holsta. Kwa wenye leseni, mwenye duka asiyetaka ya wazi anabandika mlangoni tangazo la kifungu cha 30.07, asiyetaka hata ya kuficha anaweka na la 30.06. Bar ambayo mapato yake mengi ni pombe ina tangazo jekundu la 51%, hapo huingii nayo. Kwa hiyo hilo la nyama choma lingeishia mlangoni. Mimi naingia kununua maziwa nayo kiunoni na mtunza fedha ananiuliza kama nataka mfuko. Nyie huko bado mna ushamba wa kuogopa chuma.

Da Mwantumu:
Ushamba? Wewe uliyeondoka Mbagala na begi la kuazima leo unatuita sisi washamba? Haya, tuambie na upande wa pili wa hiyo Marekani yako. 7 Julai 2016 Dallas, hapo hapo Texas, siku walipouawa askari watano, kulikuwa na kijana mweusi kwenye maandamano kabeba bunduki yake wazi, sheria inamruhusu. Polisi wakaitangaza picha yake kwa dunia nzima kuwa ndiye mtuhumiwa. Kijana wa watu hakuwa amefanya kitu, bunduki yenyewe alikuwa ameshamkabidhi askari. Na siku moja kabla, Minnesota, Philando Castile alimwambia askari kwa adabu zote kuwa ana silaha, na kibali anacho. Akapigwa risasi ndani ya gari, mwenzake yuko pembeni, mtoto kiti cha nyuma. Askari akaachiwa huru 2017. Hiyo holsta yako, mwanangu, inamsomea askari rangi yako kwanza.

Mtu wa Houston:
Begi halikuwa la kuazima. Lilikuwa la kaka yangu, alinipa.

Nyangumi:
😂😂 Alikupa au alikuazima, rudisha begi la watu.

Kitasa:
Jamani. Mkuu wa Houston, mwenye viza ya masomo huko si haruhusiwi kumiliki?

Mtu wa Houston:
Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda, labda awe na leseni ya uwindaji au yale mengine machache. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa. Mimi nina makazi ya kudumu tangu kitambo, kabla hujauliza. Na kaka yangu yuko hai, mpigieni simu mumuulize la begi.

Da Mwantumu:
Tuachane na begi. Mimi nasimamia ukumbi wa sherehe. Harusi moja, watu wameondoka, binti wa usafi anakuja mbio ananiambia mama njoo vyoo vya wanaume. Naingia, bastola imelala juu ya tenki la maji la choo, karibu na karatasi. Magazini ya risasi iko ndani. Tulifunga mlango tukaita polisi, tukakaa nje na binti anatetemeka. Mwenyewe akarudi na suti yake, anacheka, "nilijisahau mama." Na huyo alikuwa mtu anayeheshimika, siyo mhuni. Sasa nyinyi mnabishana wazi au kificho, hakuna hata mmoja aliyeuliza mwanaume akikaa chooni hiyo kitu anaiweka wapi.

Na mkimaliza hilo mniambie na ya nyumbani. Mei 2022 kule Mwanza mume alimmaliza mkewe kwa bastola, kisha naye akajimaliza. Holsta ilisaidia nini pale chumbani?

Afande Mstaafu:
Mama umesema la maana, nami nijibu la choo kwa sababu watu wengi hawafundishwi. Silaha haitolewi kwenye holsta mahali popote pa umma isipokuwa unapolazimika kuitumia. Ukikaa chooni, inabaki ndani ya holsta, unafunga mkanda tena usawa wa magoti ili suruali isiizungushe ikaanguka, au unaiweka pamoja na holsta yake ndani ya suruali iliyoshuka katikati ya miguu. Huwezi kusimama na kuvaa bila kuiona. Ukiitundika kwenye ndoano ya mlango, au kuiweka kwenye tenki, siku moja utaiacha. Na anayeivaa wazi nje ya nyumba, kama kweli ni lazima, atafute holsta yenye kifungio cha gumba. Simama nyuma yake ujaribu kuivuta. Ikitoka kwa mkupuo mmoja, hiyo ni holsta ya picha tu. Pombe hata moja, iache kwenye sefu. Mimi hilo sina mjadala nalo.

Mchenjuaji:
Afande nimekusoma, nitatafuta hiyo ya kifungio. Lakini bado sijajibiwa. Nyangumi kasema nusu ni wa Kahama. Nusu kwa hesabu ya nani? Umesimama mlangoni ukakagua vitambulisho?

Nyangumi:
Mkuu, mtu akiagiza mbuzi mzima kwa meza ya watu wawili huhitaji kitambulisho.

Kamaa:
Hapo sasa nimecheka. Lakini wandugu, kuna kitu kinanikera. Huku kwetu mtu wa nguo za kawaida akionekana na bastola, wa kwanza kumwona anapiga simu polisi. Huko Bongo naona watu wananyamaza tu. Kwa nini?

Kitasa:
Kwa sababu huku kila mwenye bastola bila sare tunamchukulia ni mtu wa usalama mpaka athibitishwe vingine. Unakumbuka Machi 2017, Nape Nnauye katoka uwaziri wa habari, anataka kuongea na waandishi nje ya hoteli, mtu wa nguo za kiraia akamchomolea bastola mchana kweupe, kamera zinapiga picha? Kama kwa mbunge iliwezekana, mimi wa meza ya tatu nitamuuliza nani kibali? Ndiyo maana nikasema mwenye kibali na ajulikane.

Nyangumi:
Sasa umejifunga mwenyewe Kitasa. Ukiruhusu wote waivae wazi, yule wa Machi 2017 atajificha katikati yao vizuri zaidi. Leo angalau akionekana tunashtuka.

Mchenjuaji:
Hatushtuki. Tunaongeza kinywaji.

Kitasa:
Basi tuliangalie kwa namna nyingine. Tuache wazi na kificho. Sehemu zenye pombe ziwe na sefu mlangoni, unaingia unakabidhi, unapewa namba, unatoka unachukua. Nani anapinga?

Afande Mstaafu:
Napinga nusu. Nani anaipokea? Mlinzi wa mlangoni anayelipwa mshahara wa kubahatisha? Unamkabidhi bastola kumi na funguo moja, umemtengenezea jambazi ghala. Na kila kupokezana ni nafasi ya risasi kutoka, mtu anatoa magazini anasahau iliyobaki kwenye chemba. Iache nyumbani kwenye sefu iliyofungwa ukutani.

Mtu wa Houston:
Huku nyingi zinaibwa kwenye magari, watu wanaziacha humo wakikuta tangazo mlangoni. Kwa hiyo Afande yuko sahihi kwa hilo.

Da Mwantumu:
Ajabu, umekubali kitu. Mimi kwangu nimeshaamua: kadi ya mwaliko inaandikwa chini, silaha haziingii. Mwenye harusi asiyetaka akodi ukumbi mwingine. Wawili wamekataa, nimerudisha malipo yao.

Mchenjuaji:
Mama, ukumbi wako uko wapi? Ijumaa ijayo niko Dar, nataka Nyangumi aje ukumbini kwako anihesabie hiyo nusu ya Kahama uso kwa uso. Nitakuja mikono mitupu, Afande atakuwa shahidi.

Nyangumi:
Nakuja. Ila bili ni ya Kahama.