Wakuu, ni jiografia ndo ilitutengeneza au tunatafuta kisingizio?

Heshima kwenu wakuu. Juzi kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja kuna jamaa katupia hoja, ikawaka mpaka saa saba usiku. Anasema Afrika ilivyo, makabila kibao, plau na gurudumu kutofika sehemu nyingi, miji mikubwa michache, yote ni jiografia tu. Sahara imefunga mlango huku juu, mbung'o wamemaliza farasi na ng'ombe huku katikati, na mito yetu mikubwa ukiingia toka baharini unakutana na maporomoko, basi mjadala umeisha. Nimeona niulete hapa maana kule waliishia kutukanana.

Mimi nakubali nusu. Mbung'o si hadithi. Nyanda za juu za Ethiopia hazina mbung'o, na watu wamelima kwa plau na maksai tangu zamani sana, dola lao la kale la Aksum likapiga sarafu zake za dhahabu, mfalme wake Ezana akaingia Ukristo karne ya 4. Shuka sasa msitu wa Kongo, ni jembe la mkono. Na Mto Kongo wenyewe ulivyo mkubwa, meli ya baharini mwisho wake bandari ya Matadi, ukipita hapo ni maporomoko tupu mpaka Kinshasa. Nile kule Misri ni kinyume, maji yanakwenda kaskazini na upepo unavuma kwenda kusini, kwa hiyo unashuka na mkondo unapanda na tanga, barabara ya bure kabisa.

Kinachonikera ni hilo neno "tu". Maana Nile hiyohiyo kati ya Aswan na Khartoum ina maporomoko sita, na kwa hoja ya jamaa Wanubi walitakiwa wawe hawana kitu. Sasa falme zao za Kerma na Kushi je? Karne ya 8 KK mfalme wao Piye alishuka akaichukua Misri yenyewe na ukoo wake wakakaa kama mafarao. Baadaye mji wao mkuu wa Meroe wakafua chuma na wakawa na maandishi yao. Mpaka leo Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri, ni ndogo ndogo tu ndo maana hazipigwi picha.

Niwape kitu nilichokiona kwa macho. Bibi mzaa mama yangu ana nyumba ya zamani ya mawe Lamu, nilikuwa nikilala pale nikiwa mdogo naangalia juu nahesabu boriti mpaka usingizi unanichukua. Vyumba virefu lakini vyembamba, havifiki hata mita tatu kwa upana, unaona kama umelala kwenye ushoroba. Nikamuuliza mjomba kwani walishindwa kujenga chumba kipana, akacheka akaniambia "boriti imeishia hapo". Yaani mti wa mkoko wenye nguvu ya kubeba dari ya mawe na chokaa haupatikani mrefu zaidi ya hapo, mkoko ndo uliopima chumba. Na boriti hizohizo zilipakiwa majahazini zikaenda Oman na Ghuba kote ambako miti ya kujengea ni shida, na vyumba vya zamani kule navyo vikatoka vyembamba vilevile. Hiyo ndo jiografia unayoweza kuishika kwa mkono. Lakini daka la kukaa na wapita njia pale mlangoni, sabule ya mgeni, halafu ndani ambako mgeni haingii, na zile zidaka za plasta ukutani za kuwekea vyombo vya China, hayo hakuna mkoko ulioyaamua, watu walikaa wakayataka.

Nawasilisha, nipingeni.

Mtu wa Kilwa: Mkuu umeongea vizuri ila umeruka upepo, na pwani bila upepo hatujaongea kitu. Kaskazi inakuja na majahazi mwisho wa mwaka, kusi inayarudisha. Jahazi la Uarabuni kwa msimu mmoja linafika Kilwa, linauza, linarudi. Ukijifanya unaendelea mpaka Sofala, kule Msumbiji, kufuata dhahabu, upepo unakugeukia unalala huko mwaka mzima. Ndo Kilwa ikawa dalali wa dhahabu, msafiri wa Morocco Ibn Battuta kapita 1331 akausifia mji. Ondoa upepo uone kama kuna Husuni Kubwa, ile ikulu ya masultani wa Kilwa. Tungekuwa tunavua samaki tu.

Mleta mada: Mkuu hapo umenibana kweli, hilo la msimu mmoja sina la kulikataa. Ila jiulize, upepo ulivuma kwa Kilwa peke yake? Vijiji vyote vya pwani vimepigwa na kaskazi hiyohiyo. Na 1505 Wareno walipoipora Kilwa upepo ulikuwa uleule, kisiwa kilekile, bandari ileile, na mji haukurudi ulivyokuwa. Halafu ile dhahabu haikuchimbwa na upepo. Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe kwenye nchi ya Zimbabwe, iko bara huko mbali, haina bandari wala mto wa kupitisha chombo, na watu wamepanga mawe bila chokaa mpaka ukuta una mita 11 kwenda juu. Sarafu ya shaba ya Kilwa imechimbuliwa pale pale.

Wa Moshi: Kwetu mlimani maji yako chini kwenye korongo, shamba liko juu kwenye tuta. Wazee hawakulalamika, walichimba mifongo, yaani mifereji, wakayatoa maji huko juu kabisa yakatembea pembeni ya mlima mpaka kwenye migomba. Kuna zamu za maji, na asiyekuja kusafisha mfongo anatozwa faini. Tena mgomba wenyewe tunaoringia, sisi na Wahaya na Waganda, asili yake Asia. Lakini nenda Engaruka kule bondeni, mifereji na kuta za mawe kibao, mashamba waliyaacha kwenye karne ya 18 hivi. Nao walipambana. Wako wapi?

Fundi umeme: Someni tu, mi nimekuja kuona kama kuna mtu katukanwa.

Mwalimu wa historia: Mleta mada angalia unakoelekea. Hoja ya jiografia inatusaidia kumnyamazisha anayesema Mwafrika hakuwa na akili. Ukiiondoa unampa silaha.

Mleta mada: Mwalimu, nadhani ndo sababu jamaa yangu wa kwenye grupu kaing'ang'ania, na simlaumu. Ila kumbuka Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Serikali ya walowezi ilishikilia kuwa Great Zimbabwe kajenga mgeni, mara Wafoinike mara malkia wa Sheba, na wataalamu wa malikale waliosema ni Waafrika walibanwa, wakati mtaalamu wa malikale Mwingereza, Caton-Thompson, kashaandika toka miaka ya 1930 kwamba ni kazi ya wenyeji. Yule mlowezi kamtoa fundi wa mawe kwenye historia kwa dharau, jamaa yangu anamtoa kwa huruma, na mimi namtafuta fundi simwoni. Mimi sisemi mbung'o hakuwepo.

Wa Moshi, la Engaruka sina jibu, umenishika. Ila niambie hili la mifongo, zamu alikuwa anazipanga nani, ukoo uliochimba au mangi, yaani chifu? Na ukoo ukigombana na wa chini yake maji yalikuwa yanakatwa?