Umoja wa Mataifa ukishika dola, mwananchi amshitaki nani?

Mwalimu wa Historia, Iringa
Ndugu zangu, salaam. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wamesoma kwamba Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa tangu 1946 hadi uhuru, nao wanauliza kama hali yetu ilifanana na ya Kosovo na Timor ya Mashariki baada ya 1999. Naomba maoni yenu.

Mwanasheria, Mbeya
Mwalimu, hazifanani. Kwetu mtawala alikuwa Mwingereza, na Umoja wa Mataifa ulimkagua. Ndiyo maana Wameru walipofukuzwa na serikali ya Mwingereza kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, mwakilishi wao Kirilo Japhet aliweza kwenda New York mwaka uliofuata kuwasilisha malalamiko yao. Kule Timor, Umoja wa Mataifa wenyewe ndio uliokuwa serikali. Kanuni yake ya kwanza ilimkabidhi mkuu wa utawala huo, Sergio Vieira de Mello, ambaye hakuna Mtimor aliyempigia kura, mamlaka yote ya kutunga sheria na ya utendaji, pamoja na usimamizi wa mahakama.

Msomaji, Njombe
Nakubali, ila Wameru walisikilizwa na ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Tena Timor ilikuwa imechomwa moto na wanamgambo, na Indonesia, iliyokuwa ikiitawala, ikaondoka. Nani mwingine angeshika nchi ile hadi uhuru wa Mei 2002? Mimi siuoni utawala huo kuwa ukoloni.

Mwanasheria, Mbeya
Ndugu yangu wa Njombe, sipingi kwamba ulihitajika. Kinachoniuma ni kinga ya Umoja wa Mataifa ya kutoshitakiwa. Huko Kosovo, ambako pia Umoja wa Mataifa ulitawala tangu 1999, Waroma (jamii ya wachache) waliokimbia vita waliwekwa kwenye kambi za Mitrovica ya kaskazini, jirani na mabaki ya migodi ya Trepča, katika ardhi yenye sumu ya madini ya risasi, na watoto wao wakaathirika kwa miaka. Jopo la kushughulikia haki za binadamu liliundwa mwaka 2006 tu, na uwezo wake ulikuwa wa kushauri. Mwaka 2016 lilipendekeza walipwe fidia. Umoja wa Mataifa ukajibu kwa kuanzisha mfuko wa michango ya hiari, usiomlipa mwathirika mmoja mmoja. Serikali yoyote ingefikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Kwa maoni yangu, chombo chenye uwezo wa kuamuru fidia kinapaswa kuundwa siku ile ile Baraza la Usalama linapopitisha azimio la kutawala nchi, wala si miaka saba baadaye.