Zamu ya Tafakari: Yeremia 29 (gumzo la ushirika wa mtaa, Manyatta, Kisumu)

[Jumapili 18:52] Katibu: Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii zamu ni ya Mama Akinyi na Baba Ouma. Tafakari ya asubuhi iwe imeingia hapa kikundini kabla ya saa kumi na mbili kasorobo. Wenye vibanda soko la Kibuye wakishatoka hawasomi tena mpaka jioni, na jioni macho ni mazito.

[18:58] Baba Ouma: Amina. Kuna hii nimetumiwa kutoka kikundi kingine, niipitishe kesho?
"Yer 29:11. Mungu ana mpango mkubwa na wewe. Wiki hii mlango wako unafunguka, gari, nyumba, kazi. Andika AMINA na utume kwa watu 10."

[19:03] Mwalimu: Baba Ouma, mstari ni mzuri, Mungu anasema anawawazia mawazo ya amani na kuwapa tumaini, ila hayo ya gari na nyumba hayamo. Hebu fungua sura ya 29 uanzie mstari wa 1. Hiyo ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Ameielekeza kwa wazee, makuhani, manabii na watu wote. Sasa ruka mpaka mstari wa 10: miaka 70. Ahadi ya mstari wa 11 inakuja baada ya hiyo 70. Mzee wa miaka 40 aliyesomewa ile barua alijua atazikwa Babeli.

[19:05] Mwalimu: Na "tuma kwa watu 10" ni ya kufuta hata kabla ya kusoma andiko. Hakuna mahali Mungu alitoza baraka kwa idadi ya jumbe.

[19:09] Baba Ouma: Nakubali Mwalimu, lakini saa kumi na mbili asubuhi mtu anataka kutiwa moyo, hatafuti somo la historia. Anaenda kutafuta unga.

[19:14] Dani: Hata watu wa wakati ule walitaka kutiwa moyo. Sura ya 28, yuko nabii Hanania aliyewaambia watu pale Yerusalemu miaka miwili tu, vyombo vya hekalu vitarudi na mfalme atarudi. Maneno matamu hayo. Alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba, na miaka miwili ikapita vyombo havijarudi.

[19:15] Mama Akinyi: 😂 Dani umemaliza.

[19:21] Mwalimu: Hapo ndipo penye hatari ya tafakari za asubuhi. Ukimwahidi mtu mlango Jumatatu, ikifika Ijumaa haujafunguka hatamlaumu mwandishi wa ujumbe. Atasema Mungu alinidanganya, ama imani yangu ni ndogo. Kumbe ni sisi tulimpa miaka miwili ya Hanania.
Ninapendekeza tuipitie sura yenyewe kwa mpangilio wake:
Jumatatu 29:4-6
Jumanne 29:7
Jumatano 29:8-9
Alhamisi 29:10-11
Ijumaa 29:12-14
Mstari wa Baba Ouma haujatupwa, unangoja Alhamisi ukiwa na wenzake.

[19:24] Brayo wa boda: Mwalimu mimi ningetaka niwe napewa zamu pia, lakini sijui kuanzia wapi. Mnaandikaje?

[19:33] Mwalimu: Brayo karibu sana. Shika Biblia kabla hujashika simu. Soma fungu lako mara tatu, moja kwa sauti, kwa sababu sikio hukamata neno ambalo jicho limeliruka. Soma pia sura iliyotangulia na iliyofuata, hata kwa haraka. Kisha jibu kwenye karatasi: nani anasema, anamwambia nani, wakati huo wako katika hali gani? Ukishindwa kujibu la pili usiandike bado. Baada ya hapo tafuta jambo MOJA ambalo fungu linasema kumhusu Mungu, na jambo moja la kufanya siku hiyo. Ukiona umeandika mawili, lingine liweke akiba ya zamu ijayo.

[19:35] Katibu: Na urefu. Maneno 100 hadi 150, yaani mtu asilazimike kubonyeza "soma zaidi" mara mbili. Jina la kitabu liandikwe lote. Mtu akiandika Flm, yaani Filemoni, mwingine anafungua Wafilipi. Na 1 Yohana 3:16 si Yohana 3:16, ile ya 1 Yohana inasema nasi tutoe uhai wetu kwa ajili ya ndugu, na nadhani ndiyo sababu haichapwi kwenye leso 🙂

[19:37] Dani: Mimi herufi za simu siziwezi. Anayeandika asome pia kwa sauti. Ataje sura na mstari kwanza, anyamaze kidogo nifungue, ndipo aendelee. Wengine huanza na salamu dakika nzima, andiko likija nimeshachoka. Dakika mbili zatosha.

[19:38] Brayo wa boda: Sawa Dani 🙏🏾 Je, watahiniwa nikiwawekea "Nayaweza mambo yote" ni sawa?

[19:42] Mwalimu: Wafilipi 4:13 weka, lakini anzia mstari wa 11. Paulo yuko kifungoni, anasema amejifunza kuwa radhi akishiba na akiona njaa. "Mambo yote" ni hayo: kupata na kukosa. Mtahiniwa anahitaji kujua nguvu hiyo itakuwepo hata siku matokeo yanatoka mabaya.

[19:44] Katibu: Nisisahau: kuna nyumba hapa mtaani ina matanga. Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao, ni kweli, lakini wiki hii msiwatumie. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno (Ayubu 2:13), na hiyo ndiyo kazi waliyoifanya vizuri kuliko zote. Mkitaka andiko la kuwasomea pale, Zaburi ya 13. Mistari sita, na miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Aliyefiwa anaweza kuisoma bila kujifanya. Na maji ya kupikia chai yanahitajika kule, mtungi wa lita 20 kila nyumba inayoweza.

[19:46] Mama Akinyi: Nitapeleka miwili.

[20:31] Mama Akinyi: Ya kesho hii hapa, someni mnikosoe:
"Yeremia 29:4-6. Watu hawa wametolewa kwao Yerusalemu, wako Babeli, kila siku wanawaza kurudi. Mungu anawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni, mzae watoto. Hakuwaambia Babeli ni kuzuri. Aliwaambia wasiache kuishi kwa sababu ya kungoja. Hata sisi wengi tunangoja: kazi ya kudumu, kesi ya shamba iishe, kijana arudi nyumbani. Mungu yuko nasi hata katika kungoja huko. LEO: tumikia Mungu pale ulipo. SALA: Bwana, tusaidie, tubariki, utulinde, utupe afya, amani na mafanikio. Amina."

[20:36] Mwalimu: Mama, mpaka "kungoja huko" siongezi kitu. Hapo penye LEO ndipo palipolegea. "Tumikia Mungu pale ulipo" mtu ataitikia amina na asijue afanye nini. Mungu mwenyewe amesema bustani, wewe nawe sema kitu cha kushikika.

[20:38] Dani: Sukuma wiki kwenye gunia. Gunia moja, udongo na samadi, mawe katikati ya kupitisha maji, matobo ubavuni. Mpangaji hana shamba lakini gunia halimshindi.

[20:40] Katibu: Sala nayo ifuate fungu. Hiyo ya sasa unaweza kuibandika chini ya andiko lolote. Mistari miwili tu.

[20:52] Mama Akinyi: "LEO: kuna jambo umeliahirisha ukisema mpaka mambo yakae sawa. Lianze kabla ya jua kutua: gunia la sukuma, karo ya mtoto ianze kuwekwa kidogo kidogo, simu kwa ndugu mliyenuniana. SALA: Bwana, uliye pamoja na walioko mbali na kwao, tufundishe kupanda tukingali tunangoja. Amina."

[20:53] Baba Ouma: Hiyo hata mimi imenigusa. Ipite.

[20:55] Brayo wa boda: 🔥🙏🏾 Mama naomba nisome sauti yake? Nitarekodi usiku huu boda zikitulia, asubuhi barabara ya Kondele ina kelele.

[20:56] Mama Akinyi: Soma mwanangu. Polepole, Dani anafungua.

[21:04] Mwalimu: Jumanne ni ule mstari wa 7, kuutakia amani mji waliopelekwa na kuuombea. Msije mkaandika tu "tuombee Kisumu". Waliokuwa wakiombewa ni Wababeli, waliowateka. Kwa hiyo LEO ya Jumanne iguse mtu ambaye si wetu: jirani wa kabila jingine, mwenye nyumba mgumu, askari wa kaunti anayefukuza wachuuzi. Hapo patazua maneno, nawajua, lakini ndivyo barua inavyosema.

[21:06] Baba Ouma: Askari wa kaunti?? Mwalimu 😅

[21:07] Dani: Hata huyo ana mama.

[21:09] Katibu: Jumanne tutasikizana. Baba Ouma, ya Jumatano 29:8-9, manabii wa uongo, ni yako. Rasimu iwe hapa Jumanne saa mbili usiku. Na ile ya "tuma kwa watu 10" tafadhali ifute kikundini isije ikasambazwa.

[21:10] Baba Ouma: Imefutwa.