Hoteli za Phuket msimu wa mvua, bei yaongeleka?

BintiLikoni: Jamani mimi na mume wangu twaenda Thailand mwezi wa 9, twataka kukaa Patong ama Kata, zile fukwe za kisiwa cha Phuket, nasikia wageni wamepungua, sasa mtu anaweza kuongea bei na hoteli ama ni ile ya mtandaoni basi?

Baharia_Nyali: Yaongeleka sana dada. Phuket mvua ni Mei mpaka Oktoba, vyumba vyakaa vitupu kama huku kwetu Mei. Buku chumba kwa usiku mmoja tu, asubuhi shuka risepsheni umuulize meneja kwa upole bei ya siku tano, mwonyeshe ile ya mtandaoni kwa simu, maana hoteli huwalipa wale wa mtandaoni kamisheni na hapo ndipo pa kupunguziwa. Usipandishe sauti, Wathai hawapendi kabisa.

MamaSwafiya: Na uangalie zile "++" baada ya bei, hapo bado hawajaongeza VAT 7% na servisi 10%. Wakikataa kushusha omba brekfasti, hiyo hutoa upesi.

Baharia_Nyali: Kweli. Halafu Septemba bahari ya Patong ni kali, ukiona bendera nyekundu usiingie majini tafadhali, watu hufa pale.