Turbo juu, turbo chini au kuzungusha katriji: mafuta yarudi vipi?

Kisauni_GX
Salaam aleikum wana gereji. Gari ni Mark II yenye injini ya 1JZ-GE, turbo moja ya beringi za kawaida, manifoldi (bomba la egzosti linaloshika turbo) inachomelewa upya. Njia ziko tatu.
A: turbo juu, usawa wa kichwa cha injini. Mafuta yashuka wima, ila turbo yabanana na boneti.
B: turbo chini karibu na chesisi. Nafasi tele, lakini tundu la mafuta lakaribiana na sampu, beseni la mafuta chini ya injini.
C: katikati, katriji (kiini cha turbo chenye shafti na beringi) izungushwe ili bomba la mafuta liikwepe shafti ya usukani.
Mwachagua ipi?

Fundi_Jomvu
A. Boneti ikigusa, rekebisha manifoldi, usiguse mteremko wa mafuta. Mafuta huingia kwenye turbo kwa presha ya pampu lakini hutoka kwa uzito wake tu. Tena hutoka yakiwa povu, kwa kuwa yamechapwa na shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ndiyo maana bomba la kuingiza ni jembamba kama kalamu na la kutoa ni nene: milimita 19 kwa ndani, usipunguze.
Wengi hudhani mle ndani mna sili ya mpira. Hamna. Mna pete za chuma mfano wa ringi za pistoni, kazi yake kuzuia gesi. Katriji ikijaa mafuta, yatapita kwenye pete, moshi wa samawati utoke egzosti, na mtu anunue turbo ya pili kwa kosa la hozi.

Nyali_Boosti
Yakhe, C usiitupe. Tundu la mafuta likipinduka kutoka wima lisizidi nyuzi 35, na shafti yenyewe isiinamie mbele au nyuma zaidi ya 15. Kama katriji yako ina njia za maji, kuizungusha nyuzi 20 ni faida: maji yaingie chini, yatokee juu. Ukizima injini baada ya foleni ya feri Likoni, maji ya moto hupanda yenyewe na kuvuta ya baridi nyuma yake, mafuta yasiungulie kwenye beringi. Pima kwa programu ya simu juu ya flanji (uso wa kufungia bomba), gari ikiwa kwenye sakafu iliyo sawa, si juu ya jeki.

Sampu_Changamwe
Mwazozana juu ya turbo, shida huwa kwenye sampu. Tundu la kurudishia likae juu ya alama ya kujaa ya kijiti cha kupimia mafuta, milimita 25 hivi, na lisitazamane na krenki inapotupa mafuta. Likizama, povu halina pa kwenda. Sampu itolewe, ioshwe, ndipo ichomelewe. Sampu ya bati kwa kuchomelea kwa migi (MIG), ya aluminiamu kwa tigi (TIG). Kuchomelea ikiwa bado imefungwa ni kuangusha vipande vya chuma kwenye pampu.
Hozi ishuke moja kwa moja, isipande popote, hata inchi moja. Ile tumbo inayolegea katikati hubaki na mafuta kama sifoni ya choo. Kwenye flanji tumia gasketi ya chuma bila silikoni, maana silikoni ikibanwa hujiminya ndani na kuziba.

Kisauni_GX
Na B kwa pampu ya umeme je?

Fundi_Jomvu
Yawezekana, ila wanunua tatizo. Chini ya turbo kaa na kikopo cha kukusanya mafuta na chujio la waya, kisha pampu ya gia inayostahimili mafuta ya moto, mbali na egzosti. Iwake na swichi ya injini, iendelee sekunde 30 hadi 60 baada ya kuzima. Kwenye bomba la kuingiza tia valvu ya njia moja, la sivyo mafuta ya injini yatateremkia kwenye turbo usiku na asubuhi mtaa mzima ujue umewasha. Pampu ikifa njiani, hutaonywa na taa ya presha ya mafuta, maana injini ina presha yake. Utaonywa na moshi.

Nyali_Boosti
Jambo jingine: usitie kibanio cha mafuta (kitundu chembamba cha kupunguza mafuta yanayoingia) kwa mazoea. Kile cha milimita 0.9 ni cha beringi za gololi. Turbo yako ya beringi za kawaida itakufa kwa kiu.
Na moshi ukitokea, fungua kifuniko cha kujazia mafuta injini ikinguruma polepole. Moshi ukipungua, presha imejaa tumboni mwa injini: angalia valvu ya PCV (ya kutolea hewa ya tumboni mwa injini) na hozi zake kabla ya kulaumu mteremko.

Sampu_Changamwe
Kabla ya kufunga turbo, tia faneli juu ya hozi ya kurudishia, mimina nusu lita ya mafuta kwa mkupuo. Yasipande kwenye faneli. Yakipanda, hozi itoke leo, si baada ya kupaka rangi.

Kisauni_GX
Basi C, nyuzi 20, tundu juu ya alama ya kijiti. Sampu yatoka kesho.