Dira ya jahazi kwenye ndege, Uingereza hadi Zanzibar

Mtoto_wa_Mkokotoni:
Assalamu alaykum wakubwa. Niko Southampton, mwezi ujao narudi nyumbani Unguja kupitia Doha. Ami yangu ana jahazi, kaniagiza dira. Nimepata ya mtumba kwa fundi wa maboti: ya shaba, kioo cha kuba, upana kama kisahani cha kikombe, na ndani imejaa maji yake. Nzito hiyo! Sasa niishike mkononi au niitie kwenye begi la kupakiwa? Sumaku yake haitaleta balaa angani? Na yale maji, wenzangu huku wananitisha kuwa nitavuliwa dira palepale kwenye ukaguzi.

Mpakia_Mizigo:
Waalaykum salaam. Sumaku isikukoseshe usingizi. Kanuni za mizigo hatari hupima nguvu ya sumaku umbali wa mita 2.1 kutoka kwenye kifurushi, na vijisumaku vya chini ya kadi ya dira, ile sahani ya ndani inayozunguka yenye alama za pande, havifiki huko. Ila kama fundi kakupa na zile fimbo za sumaku za kurekebishia dira, hizo ziulizie mbali.

Kinachokusubiri ni maji. Mkononi viwanja vingi bado vinashikilia mililita 100, na dira ya ukubwa huo inazidi. Hata ukipita Uingereza, Doha utakaguliwa tena. Tia kwenye begi la kupakiwa. Lakini kwanza jua ndani mna nini: za zamani zina spiriti iliyochanganywa na maji, za siku hizi nyingi zina mafuta mepesi jamii ya mafuta ya taa. Vyote viwili vinaweza kuwaka. Andikia shirika la ndege, tuma picha na jina la kiwanda, upate jibu la maandishi kabla hujafunga begi. Jibu la simu halimsaidii mtu kaunta.

Fundi_Dira_Tanga:
Mwanangu, ndege utaivuka. Mimi nauliza: hiyo dira imesawazishwa kwa upande gani wa dunia?

Sumaku haivutwi kaskazini tu, inavutwa na chini. Huko Uingereza ncha ya kaskazini inazama sana, kwa hiyo kiwandani wanatia kijiuzito upande wa kusini wa kadi ili ikae sawa. Ukija nayo kwetu mambo yanageuka. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambao sumaku haizami upande wowote, haifuati ile ya ramani, barani Afrika inapita juu huko Ethiopia, sisi tuko kusini yake. Kwetu inayovutwa chini ni ncha ya kusini, na kile kijiuzito nacho kiko hukohuko. Kadi inalala upande. Bahari ikichafuka, jahazi likalala na upepo, ukingo wa kadi unagusa kioo na dira inaganda. Nahodha anageuza sukani, dira inamwonyesha palepale. Nimeletewa za namna hiyo, wenyewe wanadhani zimekufa.

Mtoto_wa_Mkokotoni:
Subhanallah. Mbona hapa mezani imetulia vizuri kabisa?

Fundi_Dira_Tanga:
Huko lazima itulie, ndiko ilikosawazishiwa. Tazama chini yake au pembeni mwa kadi kama pana alama ya kanda. Kiwanda cha Silva, kwa mfano, huandika MN kwa kaskazini, ME kwa katikati, MS kwa kusini. Usipoona kitu, mwambie fundi aliyekuuzia akusawazishie upya kabla hujaondoka. Kazi yenyewe ni kumwaga maji, kufungua, kusogeza uzito na kujaza tena bila kuacha hewa. Akikataa, njoo nayo tu, nitaifungua mimi. Na akiimwaga, muombe uisafirishe kavu, tutaijaza huku. Suala la ukaguzi nalo litapungua.

Mpakia_Mizigo:
Hilo la kuisafirisha kavu nimelipenda. Hakikisha harufu imetoka.

Fundi_Dira_Tanga:
Ukija nayo imejaa, ifunge kwenye nguo katikati ya begi, mbali na spika. Ukifika ukiona kiputo cha hewa usishtuke, iache usiku mmoja mahali pa joto la kawaida. Kiputo kikibaki, kuna ngozi laini ya mpira chini yake inayotanuka na kusinyaa maji yakipata joto au baridi. Itakuwa imechanika. Usimkabidhi ami yako kabla sijaiona.

Mtoto_wa_Mkokotoni:
Kesho narudi kwa fundi. Ami hataki dira ya simu hata kidogo, kwa hiyo hii lazima ifike.