Marburg: bingwa wa magonjwa ya kuambukiza ana kazi gani hasa?

Tabibu_Wilayani: Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa mpango wa dharura wa hospitali ya wilaya. Wenye bajeti wanauliza: bingwa wa magonjwa ya kuambukiza wa nini, ikiwa Marburg, homa kali ya virusi, haina dawa iliyoidhinishwa? Niwajibu vipi?

DktWodini: Wape mfano wa Rwanda, 2024. Wagonjwa 66, vifo 15, yaani kama asilimia 23, wakati kuna milipuko iliyoua hadi asilimia 88. Dawa ya virusi remdesivir na kingamwili za MBP134 zilitumika, lakini usidharau uangalizi wa kitandani. Mgonjwa anaharisha na kutapika mfululizo, potasiamu inaporomoka, figo zinagoma. Ukimfungulia dripu bila kipimo nako ni hatari, maana mishipa inavuja na maji yanajaa mapafuni. Pima elektrolaiti (chumvi za damu kama potasiamu) kila siku, andika mkojo anaotoa, sikiliza mapafu kabla ya kuning'iniza chupa nyingine. Kigali wagonjwa wawili waliwekewa mashine ya kupumulia, wakatolewa mpira wa hewa kooni wakiwa hai. Uamuzi wa namna hiyo unataka bingwa.

Maabara_na_Wodi: Na uamuzi wa nani atoke wodi ya kutengwa. Malaria chanya haimwondoi mtu kwenye orodha ya wahisiwa. Anaweza kuwa na vyote viwili. PCR (kipimo cha vinasaba vya virusi kwenye damu) hasi iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze irudiwe saa hizo zikitimia, kwa sababu virusi huwa bado vichache kwenye damu. Hapo ndipo wengi wanateleza: mtu anahamishiwa wodi ya kawaida, anaambukiza wauguzi. Rwanda walioambukizwa wengi walikuwa watumishi wa afya.

Muuguzi_Kinga: Naongezea klorini. Ya unga wa HTH asilimia 70: gramu 143 kwenye ndoo ya lita 20 inatoa 0.5%, ya sakafu na vifaa. Ya mikono ni 0.05%, gramu 14 kwa ndoo hiyo hiyo. Tengeneza mpya kila siku. Matapishi yafutwe kwanza, uchafu unamaliza nguvu ya klorini. Usimpulizie mtu kamwe. Wakati wa kuvua mavazi ya kinga, mwenzako asimame akusomee hatua moja moja.

Tabibu_Wilayani: Asanteni sana. Wahisiwa tuwalaze wangapi chumba kimoja?

DktWodini: Mmoja, na choo chake. Ukiwachanganya, aliyeingia na malaria tu ataondoka na Marburg.